Kahawa mbichi na kabuti la miaka mitatu: nani aliwaua askari wa Crimea?

Majira ya baridi ya mwaka 1854, askari wa Uingereza aliyekuwa kambini kwenye vilima vya nje ya Sevastopol, ngome ya Warusi iliyokuwa ikizingirwa kwenye rasi ya Crimea, aligawiwa kahawa yake kama ilivyotoka shambani: buni mbichi, za kijani, hazijakaangwa. Mtu wa Bukoba au Kilimanjaro anajua buni mbichi inataka nini kabla haijawa kinywaji. Inataka moto wa maana, chombo, kinu na muda. Askari yule alikuwa na kopo la bati na kifuniko chake, basi. Alikwenda kuchimbua mizizi ya mizabibu na vichaka kwenye ardhi iliyoganda, akaiwasha ingali mbichi, akamwaga buni juu ya kifuniko na kuzigeuza mpaka nusu zikaungua na nusu zikabaki zilivyo. Kisha akaziponda kwa jiwe, au kwa tufe la mzinga aliloliokota. Wengi hawakujisumbua, walizitupa topeni.

Idara ya ugavi ilikuwa na hoja yake. Kahawa iliyokaangwa hupoteza harufu safarini na kushika unyevu melini, wakati buni mbichi hukaa muda mrefu bila kuharibika. Kwenye karatasi hoja hiyo haina kasoro. Ila aliyeiandika hakujiuliza askari ataikaangia wapi. Na ukiipitia kambi ile kitu kimoja kimoja, utakuta mambo mengi yalikwenda hivyohivyo: hoja safi ofisini, maiti kambini.

Vita vya Crimea vilipiganwa kuanzia 1853 hadi 1856, Urusi upande mmoja, na upande wa pili Uingereza, Ufaransa, dola ya Waturuki wa Osmania na baadaye Sardinia. Anayevikumbuka huvikumbuka kwa mambo mawili: wapanda farasi waliokimbilia mizinga pale Balaklava na kutungiwa shairi, na taa ya Florence Nightingale, ambaye siku yake ya kuzaliwa, 12 Mei, ndiyo siku ya wauguzi duniani, kwetu pia. Askari wa miguu aliyelala hemani hana shairi wala taa. Lakini hesabu yake ipo, imo katika takwimu alizozichambua Nightingale mwenyewe baada ya vita. Januari 1855 jeshi la Uingereza lilikuwa na wastani wa watu 32,393. Mwezi huo majeraha ya vita yaliua 83. Maradhi yanayozuilika yaliua 2,761. Sababu nyinginezo ziliua 324. Kwa kila askari mmoja aliyeuawa na Mrusi, zaidi ya 30 waliuawa na maradhi ya kambi yao wenyewe.

Nitakachosema hapa si kwamba vita ni vibaya. Hilo halihitaji makala. Nataka kuonyesha kwamba karibu kila kitu ambacho kingemwokoa askari huyu kilikuwa kimekwishafika, umbali wa mwendo wa asubuhi moja kutoka hemani kwake. Na kwamba kilipoanza kumfikia, kilimfikia kwa sababu kuna watu nyumbani walipiga kelele. Maarifa yalikuwepo siku zote.

Tuanze na walivyofika. Walishuka pwani ya Kalamita tarehe 14 Septemba 1854 bila mahema, huku kipindupindu kikiwa kimewafuata kutoka kambi ya Varna, Bulgaria. Mabegi yao waliyaacha melini ili wasilemewe, kwa kuwa wengi walikuwa dhoofu. Masufuria makubwa ya kupikia kwa pamoja yalikwenda yakitupwa njiani, hayakuwa na wa kuyabeba. Wakubwa waliamini Sevastopol ingeanguka ndani ya wiki chache, na mtu anayetarajia kurudi nyumbani kabla ya baridi hashughuliki na majiko. Mji haukuanguka. Tarehe 14 Novemba dhoruba ikapiga, ikang'oa mahema kambi nzima na kuzivunja meli kwenye miamba nje ya bandari ya Balaklava. Mojawapo ilikuwa Prince, iliyosheheni mavazi ya baridi ya jeshi.

Sasa mtazame askari huyo katika siku yake ya kawaida ya Desemba. Jioni anajipanga na wenzake, wanatembea gizani kwenda handakini, na humo atakaa usiku kucha, maji na tope vikimfika vifundoni. Baada ya mapigano ya Inkerman ya tarehe 5 Novemba watu walikuwa wamepungua mno, kwa hiyo zamu iliyopaswa kumfikia mara moja moja ilimfikia karibu kila usiku. Alfajiri anarudi. Hema lake ni la duara, nguzo moja katikati, wanalala humo watu 12 hadi 15 miguu yote ikielekea nguzoni, na sakafu ni tope lilelile la nje. Ana blanketi na kabuti, vyote vimelowa, naye anajifunika hivyohivyo. Buti havui. Miguu imevimba kwa baridi na maji, na akizivua leo huenda kesho zisimwingie. Nyingine zililetwa ndogo tangu mwanzo, nyingine soli zilibaki kwenye tope njiani. Waliovua walikuta wakati mwingine vidole vimeshakufa.

Halafu inakuja kazi ya kula. Posho yake ni ratili ya nyama ya chumvi, ratili ya biskuti ngumu, toti ya ramu, sukari kidogo na ile kahawa. Masufuria ya pamoja hayapo, kwa hiyo kila mtu anajipikia kwenye kopo lake. Hapa pana jambo ambalo wanahistoria wa mapigano hulipita haraka, nami naona ndilo kiini cha kambi nzima. Kumi na wawili wakipika pamoja, mmoja anatafuta kuni, mmoja anachota maji, mmoja anapika, na tisa wanalala. Kila mtu akijipikia, wote 12 wanatafuta kuni, wanachoma kuni mara 12, na hakuna anayelala. Mtu ametoka handakini usiku mzima, anakwenda kuchimbua mizizi ili achemshe nyama inayohitaji kulowekwa na kuchemshwa saa kadhaa. Siku ya tatu anachoka. Anakula nyama ya chumvi mbichi na biskuti, anakunywa ramu, analala.

Nyama ya chumvi ikiliwa mbichi siku nyingi huharibu tumbo. Kukosa mboga na matunda huleta kiseyeye: fizi zinavimba na kutoka damu, meno yanalegea, na mdomo huo sasa hauwezi kuitafuna ile biskuti. Anayehara hana nguvu ya kufika chooni usiku, kwa hiyo anachafua karibu na hema, na mvua inalifanyia kazi hilo lililobaki. Kuhara damu kukaenea. Ukiiangalia orodha ya vifo vya mwezi ule unaona majina ya maradhi mengi, lakini ukifuata nyuma unarudi kwenye kuni, masufuria na ndimu.

Ndimu zenyewe zilikuwepo. Tarehe 10 Desemba 1854 ilifika Balaklava shehena ya juisi ya ndimu, karibu ratili 20,000. Jeshi la majini la Uingereza lilikuwa limekwishajua kwa zaidi ya nusu karne kwamba juisi hiyo huzuia kiseyeye. Ilikaa bandarini hadi Februari. Haikuibwa wala kupotea. Ilikaa kwa sababu haikuwa kazi ya mtu yeyote kulitangazia jeshi kwamba imefika. Yalikuwapo pia makabuti, maelfu, yamefungwa ghalani wakati watu wanaganda mlimani. Kanuni ilisema askari hugawiwa kabuti moja kila baada ya miaka mitatu, na aliyepoteza lake kwenye dhoruba au vitani alikuwa bado hajatimiza muda. Meli ya mboga ilitia nanga, hati zake hazikueleza anayekabidhiwa ni nani, na kwa kuwa hakuna aliyekuwa na mamlaka ya kuzipokea, kabichi zilioza zikatupwa baharini. Kwenye hospitali ya Scutari, ng'ambo ya Bahari Nyeusi, mashati ya wagonjwa yalifika kwenye marobota na yakasubiri, kwani robota halikufunguliwa mpaka bodi ikae na kulikagua.

Msomaji aliyewahi kufuatilia hati ya kiwanja na kuambiwa faili lipo ila mwenye kusaini yuko safarini, haya hayahitaji kuelezewa zaidi.

Ni rahisi kumlaumu karani, na magazeti ya London yalifanya hivyo kwa raha. Mkuu wa ugavi, James Filder, alikuwa mzee aliyeitwa kutoka kwenye ustaafu, naye aligeuzwa kuwa mchawi wa kisa kizima. Lakini Filder huyohuyo, mwezi Septemba 1854, aliiomba Hazina mjini London tani 2,000 za nyasi kavu kwa ajili ya wanyama. Idara yake ilikuwa chini ya Hazina, si chini ya jemadari, na Hazina ikatuma sehemu ndogo tu. Bila nyasi, wanyama wa mizigo walikufa. Wanyama walipokufa, umbali wa kilomita 10 hivi kutoka bandarini hadi kambini ukawa mrefu kuliko bahari yote kutoka Uingereza. Barabara nzuri ya juu ilikuwa imepotea kwenye mapigano ya Balaklava ya tarehe 25 Oktoba, na ile ya chini ikageuka tope la magoti. Askari waliotoka handakini alfajiri walitumwa mchana kushuka Balaklava kubeba biskuti mgongoni. Kwa hiyo ukiniuliza kabichi zilioza kwa kosa la nani, nitakujibu kwamba kosa liligawanywa kwa ustadi kiasi kwamba hakuna aliyebeba hata robo yake. Ndivyo mfumo ule ulivyojengwa, na kwa maoni yangu ndivyo ulivyotakiwa uwe: Bunge lilipenda jeshi rahisi kwa gharama, na jeshi rahisi ni lile ambalo kila matumizi yanahitaji saini tatu.

Farasi waliteseka vilevile. Walifungwa kwenye mstari wazi, kwenye theluji, wakala mikia na manyoya ya shingo ya wenzao. Shayiri ilikuwepo Balaklava. Lord Cardigan, aliyeongoza kikosi cha wapanda farasi wepesi, hakukubali farasi washushwe bandarini kuifuata. Yeye mwenyewe alikuwa akilala bandarini hapohapo, kwenye jahazi lake la anasa lililoitwa Dryad, na mwezi Desemba akarudi Uingereza, ambako alipokewa kama shujaa.

Tofauti hii kati ya wenye vyeo na wasio navyo inastahili kutazamwa kwa karibu, maana kambi haikuwa moja. Afisa mwenye fedha aliletewa vikapu kutoka nyumbani, alinunua kwa wachuuzi wa Kadikoi, kijiji cha karibu na Balaklava, na akiugua alikuwa na njia ya kuondoka. Askari alilipwa shilingi moja kwa siku, na hiyo yenyewe ilikatwa huku na huku. Kuna kato moja ambalo kila nikilifikiria linanikasirisha. Askari aliyelazwa hospitalini kwa jeraha alikatwa peni nne na nusu kwa siku. Aliyelazwa kwa ugonjwa alikatwa peni tisa. Yaani uliyepigwa risasi na adui ulihurumiwa, na uliyehara damu kwa sababu jeshi halikukupa kuni ulilipishwa maradufu, kana kwamba ugonjwa umejitakia. Nightingale aliliandikia suala hilo hadi likamfikia Malkia Victoria, na makato yakasawazishwa mwaka 1855.

Walikuwepo pia wake wa askari. Kila kikosi kiliruhusiwa kuchukua wachache, wakapatikana kwa kura, na wakaishi kwenye mahema yaleyale wakifua na kupika. Vikosi vilipohama wengine waliachwa nyuma, na wakati wagonjwa wakijaa ghorofani Scutari, mamia ya wanawake na watoto walikuwa wakiishi kwenye vyumba vya chini vya jengo hilohilo, karibu na mifereji ya maji machafu. Kwenye orodha za ugavi hawakuwa na fungu.

Mfumo huo ulikuja kurekebishwa kwa vitu vidogo vidogo. Kwa upande wa barabara, mafundi wa reli wa Peto, Brassey na Betts walianza kazi Februari 1855, na kwa wiki saba hivi reli ikawa imepanda kutoka bandarini kuelekea kambini. Vibarua wao walilipwa shilingi tano na zaidi kwa siku, wakati askari aliyekuwa akiwatazama alilipwa moja. Walikuja kwa mkataba wa kampuni, hawakupita kwenye saini tatu za Hazina, nami naona hapo ndipo siri yao ilipo. Reli ikaleta mbao, na mbao zikawa vibanda vya kulala mahali pa mahema.

Kwa upande wa chakula alikuja Alexis Soyer, Mfaransa aliyekuwa mpishi mashuhuri wa London, kwa hiari yake na kwa gharama yake mwanzoni. Alichokikuta jikoni Scutari kinaeleza zaidi ya ripoti kumi. Nyama ya kila kundi la wagonjwa ilifungwa kwenye kipande cha ubao, na ili kila kundi litambue yake, iliwekewa alama: kitambaa chekundu, kifungo cha sare, msumari, mahali pamoja hata mkasi mkongwe wa kukatia tambi za mishumaa. Vyote vilitumbukizwa pamoja kwenye masufuria makubwa, vikachemka na kutu zake. Nyama iliyofungwa kwa kukazwa mno ilitoka mbichi katikati. Mchuzi, ambao ndio ungempa nguvu mgonjwa asiyeweza kutafuna, ulimwagwa. Kwa kuwa nyama ilipimwa pamoja na mifupa, mgonjwa mmoja alipata mnofu na jirani yake akapata mfupa mtupu, na yote mawili kwenye kitabu yaliandikwa posho kamili. Soyer hakuomba chakula zaidi. Alilegeza kamba, akatumia mchuzi, akafundisha askari wapishi wa kudumu, halafu akabuni jiko la chuma linalofungwa pande zote, linalopikia watu wengi kwa kuni chache sana na bila kuonyesha moto usiku. Jeshi la Uingereza liliendelea kutumia majiko ya aina hiyo kwa zaidi ya miaka 100.

Kuhusu Nightingale nitasema jambo ambalo huenda likawaudhi baadhi ya wasomaji. Alifika Scutari Novemba 1854 akiwa na wauguzi 38, akaleta sabuni, mashuka, jiko la wagonjwa na utaratibu, na bado vifo viliendelea kupanda hadi Februari. Vilianza kushuka kwa kasi baada ya Machi 1855, ilipofika tume ya usafi ya Sutherland, Rawlinson na Gavin. Wao waligundua kwamba hospitali ilikaa juu ya uchafu wake yenyewe, na kwamba mfereji ulioleta maji ya kunywa ulikuwa na mzoga wa farasi ndani. Wakazibua mifereji, wakazoa mamia ya mikokoteni ya taka, wakafungua madirisha. Uzuri wa Nightingale ni kwamba alikuja kuliona hilo mwenyewe. Aliporudi London alikaa na mtakwimu William Farr, akachora michoro yake maarufu ya mwaka 1858, na maisha yake yaliyobaki aliyatumia kugombania mabomba na hewa. Taa tumeikuza sisi, yeye alituachia hesabu.

Jambo lake jingine lisilosemwa sana ni la fedha. Wakubwa walishikilia kwamba askari akipewa nafasi atanywa mshahara wote. Yeye akaanzisha njia ya kupokea fedha zao na kuzituma nyumbani kwa hawala, na katika muda usiofika miezi sita zilitumwa pauni 71,000. Watu walewale waliosemwa kuwa walevi. Karibu na Kadikoi, Mary Seacole wa Jamaica, aliyenyimwa nafasi ya uuguzi London na akaja kwa nauli yake, alifungua duka na mgahawa wake ambapo askari alipata chai, chakula cha moto na dawa za tumbo alizozijua tangu kwao. Maafisa ndio waliomlipa vizuri. Vita vilipokwisha ghafla alibaki na bidhaa zisizouzika na akafilisika.

Sasa twende kwenye majira ya baridi ya pili, ambayo ndiyo yanayonishawishi zaidi. Januari 1856 jeshi la Uingereza pale Crimea lilikuwa na watu 44,212, wengi kuliko mwaka uliotangulia. Maradhi yanayozuilika yaliua 42. Arobaini na wawili, kutoka 2,761. Ni kweli mji ulikuwa umekwisha kuanguka Septemba na mahandaki yalikuwa matupu, na hilo lilisaidia. Lakini baridi ilikuwa ileile, na Wafaransa walikuwa kwenye vilima hivyohivyo.

Ndipo penye mshangao. Majira ya kwanza Wafaransa ndio waliosifiwa. Walikuwa na bandari yao ya Kamiesch, tanuri za mikate, nyumbu wa kutosha kiasi cha kuwaazima Waingereza wabebee wagonjwa, na kila kikundi kilipika supu yake kwenye sufuria moja. Mwaka uliofuata tifasi, homa inayoenezwa na chawa, iliingia kambini kwao, kwenye mahema yaliyochimbiwa chini na kujaa watu na matambara machafu, ikaua maelfu. Madaktari wao walionya, waliomba mahema yatawanywe na nguo zisafishwe, na maombi yao yakakwama. Katika vita vyote Ufaransa ilipoteza watu wapatao 95,000, wengi wao kwa maradhi.

Kwa nini wajuzi wa mwaka 1854 wakawa wahanga wa 1856? Jibu langu linaanzia mezani kwa wahariri. William Howard Russell wa gazeti la The Times aliandika alichokiona Balaklava, barua za askari zikachapishwa, na tarehe 29 Januari 1855 Bunge likapiga kura ya kuunda tume ya uchunguzi, 305 dhidi ya 148. Serikali ya Lord Aberdeen ikaanguka. Kuanzia hapo kila waziri alijua kwamba askari akifa kwa kuhara, jina lake linaweza kumfikia mezani asubuhi. Paris ya Napoleon wa Tatu haikuwa na gazeti la kuthubutu hivyo, na ushindi ulikwishatangazwa. Wagonjwa waliharibu picha. Picha zenyewe tusiziamini sana: za Roger Fenton, ambazo ndizo zinazotembea leo mtandaoni, zilipigwa kuanzia Machi 1855, jua limetoka, watu wamekaa kwenye viti vya kukunja na glasi mkononi. Alifika baada ya mabaya kupita, na aliyotaka kuyaonyesha hayakuwa mabaya.

Hata hivyo kelele za London zilikuwa na mpaka. Mashujaa wa uchunguzi, McNeill na Tulloch, waliotumwa Crimea na serikali kuchunguza ugavi, waliandika ripoti iliyotaja majina, na mwaka 1856 bodi ya majenerali iliyokaa Chelsea ikawasafisha maafisa wenzao wote, lawama ikaachiwa Hazina na zile nyasi. Na walikuwepo waliokufa bila hata kupelekewa mchunguzi. Pale Balaklava askari wa Kituruki, washirika wa Waingereza, walikuwa wakitegemea ghala la Waingereza lililojaa nyama ya nguruwe. Kwa Mwislamu ghala hilo lilikuwa tupu. Walibaki na biskuti, wakatumikishwa kubeba mizigo, wakatukanwa kuwa waoga, na wakazikwa kwa makundi. Nyumbani kwao hakukuwa na Bunge la kuuliza.

Miaka 60 baadaye jeshi hilohilo la Uingereza lilipigana huku kwetu na Wajerumani, katika Vita Kuu ya Kwanza. Wakati huo lilikuwa na vitabu vya usafi, madaktari wa usafi na majiko ya Soyer. Wapagazi wake, waliokusanywa kwa nguvu kutoka Kenya, Uganda, Nyasaland (Malawi ya leo) na nchi hii, waligawiwa unga wa mahindi uliosagwa vibaya, bila kuni za kutosha wala muda wa kuuivisha. Mtu aliyekulia ndizi huko Buganda akala ugali mbichi wiki kadhaa, tumbo likamwisha, akaachwa njiani. Waliokufa upande huo wanakadiriwa kuwa zaidi ya 90,000, wengi kwa kuhara na homa. Mahali palipokuwa kambi yao Dar es Salaam leo ni Kariakoo. Unga usioiva na nyama ya chumvi isiyoiva huua kwa njia moja, na daktari yeyote wa jeshi wa mwaka 1917 alilijua hilo vizuri sana, kwa sababu Crimea ilikuwa kwenye vitabu vyake vya masomo. Baadhi yao waliandika kulalamika. Barua zao zilipokewa, zikawekwa kwenye majalada, na unga uleule ukaendelea kupelekwa.